MULTI-RACIAL: neno la Kiingereza lililowatoa watu Geita mpaka Mwanza

  

Leo sileti habari ya ajali wala ya bei ya dagaa. Leo naleta habari ya neno. Neno moja tu la Kiingereza, tena ukilitazama lina sura nzuri kabisa. Tulieni, ni ndefu kidogo lakini mtaelewa tu.

Yote yalianzia kijiweni hapa Buhongwa, jirani na stendi ya daladala. Mnajua mambo ya pale: kahawa, kashata na mabishano. Jumapili moja jamaa mmoja (kamaliza chuo, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba) akatoa kali. Akasema wazee wa Geita walikuwa wabaguzi wa rangi. Kasoma mwenyewe, anasema. Mwaka 1958 Mwingereza aliwaletea "multi-racial council", yaani halmashauri ya watu wa rangi zote, na wao wakaikataa. Akamalizia hivi: "Sasa hapo mbaguzi nani? Mzungu aliyetaka wote wakae meza moja, au babu zenu waliokataa?"

Kijiwe kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Upande wa mama yangu ni watu wa ng'ambo ile ya Busisi, hukohuko Geita. Nilitaka kumjibu, nikakosa cha kusema. Historia ya kidato cha nne niliisoma, lakini habari hii kwenye daftari langu ilichukua mistari minne tu, basi. Nikamaliza kahawa yangu nikaondoka, huku nimekasirika kweli.

Nikaenda kwa mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani, ambaye mtaani wote tunamwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona uso umekunja?"

Nikamweleza. Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati lililojaa vipande vya magazeti na majarida ya zamani, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Akaniambia, "Wewe unatafuta maana ya neno kwenye kamusi. Tafuta kwenye hesabu. Soma, halafu uje tuongee."

Nimesoma. Na nimepekua zaidi ya hapo kwenye vitabu vya historia. Haya ndiyo niliyoyapata.

KAMUSI INASEMAJE

Ukifungua kamusi leo, "multiracial" ni -enye watu wa rangi au asili nyingi. Shule yenye Wahindi, Waafrika na Wazungu ni multiracial. Mji wa Mwanza wenyewe, ukitembea katikati ya mji ukaona misikiti, makanisa, mahekalu ya Wahindi na maduka ya kila aina ya watu, ni multiracial. Neno halina ubaya wowote. Hapo yule jamaa wa kijiweni yuko sahihi.

Lakini miaka ya 50 hapa Tanganyika neno hili (walikuwa wanaliandika na kistari katikati, "multi-racial") halikuwa sifa ya mji wala shule. Lilikuwa jina la sera. Gavana Edward Twining, aliyetawala kuanzia 1949 mpaka 1958, alikuwa na mpango wa namna nchi itakavyogawana viti vya uongozi, na jina la mpango huo likawa ndilo hilo. Kwa hiyo mtu aliyesoma gazeti mwaka 1956 akakuta "multi-racial", hakuwa akisoma habari za watu kuchangamana. Alikuwa anasoma habari za mgawanyo wa viti.

Na mgawanyo wenyewe sasa...

HESABU YA VITI

Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya. Upande usio wa serikali ulipewa viti 30. Wakagawa hivi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Sawasawa kabisa! Ukiangalia haraka unasema hii ndiyo haki yenyewe.

Sasa chukua sensa ya 1957. Waafrika walikuwa milioni 8 na laki 6 na ushee. Waasia pamoja na Waarabu walikuwa karibu laki moja. Wazungu walikuwa elfu 20 na kidogo.

Gawa mwenyewe kwa simu yako. Kiti kimoja cha Mzungu kilibeba watu kama 2,000. Kiti kimoja cha Mwasia kilibeba watu kama 10,000. Kiti kimoja cha Mwafrika kilibeba watu zaidi ya LAKI NANE NA NUSU.

Kwa lugha ya stendi: basi lina viti 30. Konda anasema, "Abiria wote ni sawa! Viti 10 vya familia ya tajiri, viti 10 vya familia ya mwenye duka, viti 10 vya nyie wote mliobaki hapa stendi." Halafu ubavuni mwa basi kaandika kwa rangi kubwa BASI LA WOTE. Ukilalamika, anakuuliza kwa nini hutaki kupanda na wenzako. Umeona mtego ulipo?

Na bado. Upande wa serikali wa Baraza hilohilo uliachiwa wingi, kwa hiyo hata hao 30 wote wakikubaliana jambo, Gavana hakosi usingizi.

Ulipokuja uchaguzi wa 1958 na 1959 ikaongezwa kitu ambacho wazee wanakijua kwa jina la KURA TATU. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukichagua mmoja tu au wawili, kura yako imeharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ilibidi uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au ushike wadhifa unaotambulika. Ndiyo maana katika nchi ya watu karibu milioni 9, walioandikishwa hawakufika hata laki moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa "multi-racial" kwa vitendo. Rangi hazikuchanganywa. Kila rangi ilihesabiwa peke yake, ikawekewa fungu lake, na fungu la wachache likafanywa sawa na la wengi.

MAGAZETI YALIVYOLITUMIA

Sasa turudi kwenye sanduku la Babu.

Magazeti ya Kiingereza yaliyosomwa huku siku zile yalikuwa machache. Kulikuwa na Tanganyika Standard ya Dar es Salaam, iliyoanza 1930, ndugu yake East African Standard ya Nairobi. Kulikuwa na jarida la kila wiki lililochapwa London, East Africa and Rhodesia. Lilianzishwa 1924 na bwana F. S. Joelson, wakati huo likiitwa East Africa tu, na lilikuwa mtetezi wa walowezi bila kificho. Haya ndiyo yaliyosomwa na maofisa, wenye mashamba ya mkonge, na Waafrika wachache waliojua Kiingereza.

Katika vipande nilivyosoma mimi niliona mambo matatu, nanyi nawaomba myapime.

Kwanza, neno linakaa na majirani wazuri. Likitajwa hilo, pembeni yake hukosi "maendeleo", "utulivu", "ushirikiano", "wenye msimamo wa kati". Chama cha UTP, kilichoundwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kinatajwa kama chama cha multi-racial. Kinasikika kama chama cha watu waungwana.

Pili, anayepinga naye ana majirani zake. Hao ni "wachochezi", "wenye siasa kali", "wabaguzi". Twining mwenyewe aliiona TANU kuwa ni chama cha ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo msomaji anapewa njia mbili tu: ama uko na multi-racial, ama wewe mbaguzi. Hakuna njia ya tatu ya mtu anayesema, "Mimi sina tatizo na jirani yangu Mhindi, nina tatizo na hesabu yenu."

Tatu, na hili ndilo lililonishtua: neno na hesabu havikai ukurasa mmoja. Habari ya viti iko huku, idadi ya watu iko kule, au haipo kabisa. Msomaji wa London angejuaje kwamba hiyo sawasawa ya 10 kwa 10 kwa 10 ina watu milioni nane upande mmoja? Sikusema kila mwandishi alidanganya. Inawezekana wengi waliamini kabisa wanachoandika. Lakini neno likishazoeleka, hakuna anayelifungua tena kuona ndani kuna nini.

Magazeti ya Waafrika yalikuwepo pia, lakini yalikuwa na taabu zake. Sauti ya TANU ilianza 1957, na Mwafrika mwaka huohuo. Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa jela kwa kosa la uchochezi. Kwa hiyo mkisikia kwamba siku zile "magazeti yote" yalisifia sera ile, ulizeni na waliokuwa hawasifii walikuwa wapi.

GEITA 1958

Haya, sasa tufike nyumbani.

Sera ile haikuishia Dar es Salaam. Kulikuwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 iliyofungua mlango wa halmashauri za namna hiyo wilayani. Hapa Mwanza mwaka 1955 ikaanzishwa halmashauri kubwa ya eneo la kusini mashariki mwa ziwa, nayo ikiwa ya multi-racial. Kisha ikaja zamu ya Geita kupewa halmashauri ya wilaya ya namna hiyohiyo.

Wadau, jiulizeni: Geita ya 1958 ilikuwa na Wazungu wangapi? Kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliokuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 30, kulikuwa na wamisionari, na maofisa wa serikali. Wahindi walikuwa na maduka na viwanda vya kuchambua pamba. Basi. Waliobaki wote ni wakulima wa pamba na wafugaji.

Na wakulima hao walikuwa tayari wamechoka. Tangu 1947 kulikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma uliokuja na amri nyingi: lima matuta hivi, punguza mifugo, usihame ovyo, lipa ushuru huu. Ukikiuka, faini. Zaidi ya hapo walikuwa wamesikia habari ya Wameru waliohamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, mpaka Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulalamika. Kwa mkulima wa Geita, Mzungu au Mhindi kuwa na kiti kwenye halmashauri ya ardhi ya ukoo wake halikuwa jambo la kukaa meza moja. Aliliona kama hatua ya kwanza ya kupoteza shamba.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. TANU ilinyimwa usajili Usukumani tangu 1954, na zuio hilo lilidumu mpaka 1958. Kwa hiyo watu wa Geita walikataa bila kuwa na ofisi ya chama wilayani ya kuwaelekeza. Watu wa vyama vya ushirika vya pamba, ule mtandao uliojengwa na akina Paul Bomani (baadaye Waziri wa Fedha), walikuwepo. Lakini chama chenyewe kisheria hakikuwepo.

Katikati ya mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walikuja Mwanza. MAELFU. Walikuja kudai wasikilizwe na wakubwa wa jimbo. Hawakusikilizwa walivyotaka. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Leo ukitoka Geita unapita Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa 2025. Dakika chache umevuka, unapita Usagara, unapita hapa kwetu Buhongwa, uko mjini. Wenzetu wa 1958 daraja hilo hawakuwa nalo. Mtu anayeacha shamba lake, anavuka ziwa kwa chombo, anakuja kulala mjini asikokuwa na ndugu, hafanyi hivyo kwa sababu tu hapendi rangi ya mtu.

Mwaka huohuo Sauti ya TANU iliandika makala kuwashambulia Wakuu wa Wilaya wawili, wa Geita na wa Musoma, jinsi walivyokuwa wakiwatendea watu. Mwalimu Nyerere akapelekwa mahakamani kwa kashfa. Alitetewa na wakili kutoka Uingereza, D. N. Pritt. Agosti 1958 akatiwa hatiani: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Angalieni hiyo pauni 150... ndicho kilekile kipato cha mwaka mzima kilichotakiwa ili mtu aruhusiwe kupiga kura. Sijui kama kuna aliyeliona hilo wakati ule, ila mimi limenichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Halmashauri ya Geita haikufika mbali, serikali ilirudi nyuma. Gavana mpya, Richard Turnbull, Oktoba 1958 alitamka hadharani kwamba nchi ikijitawala, Baraza na serikali vitakuwa na Waafrika wengi. Ile sawasawa ya 10 kwa 10 kwa 10 ikaanza kuzikwa. Mwaka 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 bendera ikapanda.

JE, WAZEE WALIKUWA WABAGUZI?

Hili ndilo swali la kijiweni, nami sitaki kulijibu kwa hasira.

Angalia walivyofanya walipolazimishwa kura tatu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua washiriki au wasusie. Mwalimu akawashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu akakataa, akajitoa na kuunda ANC, yeye akitaka Afrika kwa Waafrika tu. Huyo ndiye aliyekuwa na msimamo ambao yule jamaa wa kijiweni anawabandika wazee wote. Watu wakamfuata? Kwenye uchaguzi wa Rais wa 1962 alipata kama kura 2 katika kila 100.

Wengi waliamua kumgeuzia Mwingereza silaha yake. Kama lazima nichague Mzungu, nitachagua Mzungu anayekubaliana nami. Hivyo ndivyo Derek Bryceson, Lady Marion Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa walivyoingia Barazani mwaka 1958 na 1959 wakiungwa mkono na TANU. UTP, chama cha multi-racial, kikaanguka chali mbele ya wapiga kura waliopaswa kukipenda.

Na neno ambalo TANU ilisimama nalo halikuwa "Waafrika tu". Lilikuwa "non-racial", yaani bila kuangalia rangi. Ukilisikia haraka unaona ni pacha wa "multi-racial", kumbe ni mahasimu. Multi-racial ya Twining ilisema: rangi yako kwanza, halafu nikupe fungu lako. Non-racial ilisema: raia kwanza, rangi hainihusu. Huko Afrika Kusini mwaka 1959 Robert Sobukwe alisema jambo linalofanana na hilo: kwake yeye multi-racial ilikuwa ni ubaguzi uliozidishwa mara nyingi.

Sasa na mimi nisiwe shabiki tu. TANU yenyewe ilikuwa na mlango uliofungwa: wasio Waafrika hawakuruhusiwa kuwa wanachama mpaka 1963. Kupigiwa kura ruksa, kadi ya chama hapana! Na Oktoba 1961, mswada wa uraia ulipofika bungeni, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu aliwakatalia kwa ukali mpaka akatishia kujiuzulu. Maana yake ni kwamba hisia hizo zilikuwepo, tena ndani ya nyumba. Kwa hiyo siwezi kumwambia yule jamaa kwamba hakukuwa na mbaguzi hata mmoja Geita. Ninachomwambia ni kwamba kukataa kitu kinachoitwa multi-racial mwaka 1958 si ushahidi wa ubaguzi. Walikataa mgawanyo, na mgawanyo huo ndio uliokuwa umepangwa kwa rangi.

MAJIRANI NAO

Hatukuwa peke yetu. Kenya mwaka 1954 ilipewa katiba ya Lyttelton, nayo ikasifiwa kwa neno hilohilo. Viti vya uwaziri vilivyotolewa nje ya maofisa wa serikali vilikuwa sita: Wazungu watatu, Waasia wawili, Mwafrika MMOJA, B. A. Ohanga. Na serikali hiyo ikaitwa ya watu wa rangi zote. Ni kweli, rangi zote zilikuwemo. Hakuna uongo kwenye sentensi. Ndiyo hatari ya neno la namna hii.

Kule Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililoanza 1953 walitumia neno jingine, "partnership", ubia. Waziri Mkuu Godfrey Huggins alipoulizwa ubia gani, akaufananisha na ule wa mpanda farasi na farasi wake. Angalau yeye alisema ukweli!

NENO LILIVYOGEUKA

Sasa utamu wenyewe. Aprili 1994 Afrika Kusini wakapiga kura, Mandela akashinda. Magazeti mengi ya Kiingereza duniani yaliuita uchaguzi wa kwanza wa "multiracial". Lakini uchaguzi ule ulikuwaje? Mtu mmoja, kura moja, hakuna fungu la rangi, hakuna kura tatu. Yaani ni kilekile walichokidai wazee wa hapa mwaka 1958 walipokuwa WANAIKATAA multi-racial.

Neno moja, na ndani ya miaka 36 limehama upande. Kistari kimedondoka katikati, na maana imegeuka.

Ndiyo maana jamaa yetu wa kijiweni alikosea bila kudanganya. Alisoma neno la 1958 kwa kamusi ya leo. Nami ningekosea hivyohivyo kama Babu asingenipa sanduku lake.

KWA NINI NAWACHOSHA NA HAYA

Kwa sababu maneno ya namna hii hayajaisha. Siku moja mtaani kwetu walikuja watu na mambo ya kupima viwanja. Karatasi ilisema mpango ni SHIRIKISHI. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukagawiwa soda, tukaandika majina kwenye orodha. Mama mmoja akauliza mipaka itapita wapi. Akajibiwa ramani ilishapitishwa. Sasa tulishiriki nini? Soda! Lakini kwenye ripoti nina hakika tumeandikwa tulishirikishwa, na hakuna uongo kwenye sentensi. Miaka 60 ijayo mjukuu wa mtu atasoma ripoti ile aseme, "Hawa watu wa Buhongwa walishirikishwa vizuri, walilalamika nini?"

Nilirudi kwa Babu kumrudishia vipande vyake. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia kila nikikutana na neno tamu kwenye habari nitauliza maswali matatu: limegawa nini, limemgawia nani kiasi gani, na anayelikataa anaitwa jina gani. Akatikisa kichwa, akasema, "La tatu usilisahau. Hilo ndilo linalowanyamazisha watu."

Kijiweni nilirudi pia, na hesabu yangu kwenye karatasi. Yule jamaa aliisoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona hayo mahesabu hawakuyaweka kwenye makala niliyosoma?" Nikamwambia na mimi nashangaa. Akaninunulia kahawa. Kwa hiyo hakuna ugomvi, wadau.

Mwenye mzazi, babu au bibi aliyekuwepo Geita au Mwanza mwaka 1958, muulizeni mapema kabla hajaondoka na habari zake. Mkipata kitu, mwageni hapo chini kwenye maoni. Na nikikosea mahali nisahihisheni, matusi wekeni mfukoni.

Nawasilisha.